Vinu vya Upepo na Watu Wanaovilinda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa machifu, walimu na wazee)

Tumeombwa tuwasimulie mambo tuliyoyaona katika nchi ya Uholanzi, sisi makarani na walimu sita tuliokwenda huko kwa majuma matatu kujifunza kazi ya kuweka kumbukumbu za ofisi. Habari za ofisi hatutazisema, kwa maana wasiokuwa makarani zitawachosha, na walio makarani zimekwisha kuwachosha. Twataka kusema habari za siku moja tu, nayo ni Jumamosi ambayo hatukuwa na kazi, tukachukuliwa kwenda kutazama vinu vya upepo mahali paitwapo Kinderdijk. Siku ile tuliona jambo ambalo limetufuata mpaka nyumbani, wala halijatuacha.

Kabla ya kuanza safari, yafaa kueleza nchi yenyewe ilivyo, kwani asiyeijua nchi ile hawezi kufahamu vinu vile ni vya kazi gani. Wengi wetu tukisikia neno kinu twafikiri kinu cha kutwangia, au mashine ya kusaga unga. Ni kweli kwamba Waholanzi walikuwa na vinu vingi vya upepo vya kusaga nafaka, vya kukamua mafuta na vya kupasua mbao. Lakini vile vya Kinderdijk tulivyoonyeshwa havikujengwa kwa kusaga. Kazi yake ni kuinua maji.

Kiasi cha robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Huku kwetu maji hushuka toka mlimani yakaenda zake baharini, wala hapana mtu anayeyaonyesha njia. Kule, katika sehemu zile za chini, mambo yamegeuka: mto uko juu na shamba liko chini, kama mtu aliyelala sakafuni na mtungi wa maji uko mezani juu ya kichwa chake. Kati ya mto na shamba limejengwa tuta kubwa la udongo. Mvua ikinyesha ndani ya tuta, maji hayana pa kwenda. Hukaa pale pale mpaka yainuliwe na kutupwa ng'ambo. Nchi iliyozungushiwa matuta na kutolewa maji namna hii wenyewe huiita polda.

Msikilizaji atauliza, Je, watu wenye akili walikwendaje kukaa mahali kama hapo? Sisi nasi tuliuliza hivyo hivyo. Tukajibiwa kwamba hapo kale nchi ile haikuwa chini sana. Ilikuwa kinamasi, na udongo wake ni mweusi, laini, uliofanyika kwa majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka. Yapata miaka elfu moja iliyopita watu walichimba mifereji wakaukausha, wapate kulima. Wakalima, wakavuna. Lakini udongo wa namna ile ukikaushwa hushuka, kama mkate ulioumuka ukaondolewa motoni kabla haujaiva. Kila walipoikausha nchi, ilishuka. Na kila iliposhuka iliwabidi kuikausha tena. Hata mwisho wajukuu wakajikuta wako chini ya mto ule ambao babu zao walikaa juu yake. Basi hawakuwa na njia ila mbili tu: kuhama, au kuinua maji siku zote za maisha yao.

Sasa turudi katika safari. Tulianza asubuhi katika mji wa Rotterdam, ambao bandari yake ni kubwa kuliko zote za Ulaya, tukapanda boti ya abiria iendayo juu ya mto. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na upepo ulikuwa mkali na baridi, hata tulio vijana tukajikunja kama wazee. Kutoka mjini mpaka Kinderdijk ni mwendo wa maili 9 hivi. Tukapita viwanda vya meli na nyumba nyingi, kisha nyumba zikapungua, na kwa mbali tukaona mabawa ya vinu yakizunguka juu ya ukingo wa mto.

Gatini tulipokewa na mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, amevaa viatu vya mbao na koti zito. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wetu kwa siku nzima. Alitupa mkono mmoja mmoja, akatuuliza majina yetu akajitahidi kuyatamka, kisha akasema, "Kabla hamjatazama vinu, njoni kwanza msimame hapa." Akatupandisha juu ya tuta. Upande wa kuume tuliuona mto Lek, mpana, umejaa, na meli za mizigo zikipita. Upande wa kushoto tuliona majani mabichi, ng'ombe wakilisha, na paa za nyumba. Na paa zile zilikuwa chini ya nyayo zetu. Mwalimu mmoja katika sisi akatazama mto, akatazama nyumba, akatazama mto tena. Akasema, "Mzee, watu hawa hulala usingizi?" Yule mzee akacheka, akajibu, "Hulala, kwa sababu yupo asiyelala."

Vinu vya Kinderdijk vyote pamoja ni 19. Vinasimama kwa safu kando ya mifereji miwili mipana inayokwenda sambamba. Upande mmoja viko 8 vya matofali, vya mviringo, vilivyojengwa mwaka 1738. Upande wa pili viko 8 vya pembe nane, vimeezekwa matete toka juu mpaka karibu na chini, navyo vilijengwa mwaka 1740. Vilivyobaki 3 ni vya polda nyingine za jirani. Mwaka 1997 shirika la UNESCO liliandika mahali hapa katika orodha ya urithi wa dunia nzima.

Tulipokaribia kinu cha kwanza tulishikwa na hofu kidogo. Mabawa yake ni manne, na toka ncha hata ncha ni zaidi ya futi 90. Yanaposhuka hupita karibu sana na ardhi, kiasi cha futi moja tu, nayo huvuma kama ndege mkubwa apigaye mbawa. Yule mzee akatuzuia kwa mkono, akatuambia kwamba mabawa yale yameua watu wengi katika miaka iliyopita, watoto na watu wazima, na mifugo pia. Ndiyo sababu kinu cha namna hii kina milango miwili inayoelekeana, ili mabawa yakiwa mbele ya mlango mmoja, watu wa nyumbani watoke kwa mlango wa pili.

Akatueleza jinsi kinavyofanya kazi, nasi twaeleza kama tulivyofahamu. Kila bawa limetengenezwa kama ngazi ya mbao, na juu ya ngazi ile hutandikwa tanga la kitambaa kizito. Upepo ukiwa hafifu, tanga hukunjuliwa lote. Ukiwa mkali, hukunjwa nusu au lote, kama mabaharia wa pwani wafanyavyo na matanga ya jahazi. Mabawa huzungusha mhimili ulio kichwani mwa kinu. Mhimili ule una gurudumu la meno, na meno yale hushika meno ya nguzo iliyosimama katikati ya kinu toka juu hata chini. Chini kabisa nguzo ile huzungusha gurudumu kubwa lenye makafi, la futi 20 hivi toka upande hata upande. Makafi yale huyasukuma maji ya mfereji wa chini yakapanda mpaka katika mfereji wa juu, kiasi cha futi 4 na zaidi. Kisha mlango mmoja mzito hujifunga wenyewe kwa uzito wa maji, ili yaliyopanda yasirudi.

Labda mtu atasema, futi nne ni nini? Mtoto aweza kuruka. Ni kweli, lakini kazi imegawanywa. Vinu vidogo vya mashambani viliinua maji toka mashambani mpaka mfereji wa chini. Vinu vya Kinderdijk viliyainua toka mfereji wa chini mpaka mfereji wa juu. Na hapo maji yalingoja. Maji ya mto yalipopungua, malango yalifunguliwa na yale ya mfereji yakatoka yenyewe yakaingia mtoni. Hapana kinu hata kimoja kilichoweza kuyatoa maji peke yake. Kila kimoja kiliinua sehemu yake kikampa mwenzake.

Tena upepo hauvumi kwa upande mmoja siku zote. Basi kichwa cha kinu pamoja na mabawa yake chaweza kugeuzwa kuuelekea upepo. Kwa nyuma kuna boriti ndefu ziteremkazo mpaka chini kama mkia, na mwishoni mwa mkia kuna gurudumu lenye mnyororo. Mwenye kinu hulikanyaga na kulivuta kwa mikono na miguu mpaka kichwa chote kigeuke. Mwenzetu mmoja, kijana hodari wa mpira, aliomba kujaribu. Alikanyaga mara chache tu, jasho likamtoka katika baridi ile, na kinu kikasogea kadiri ya shibiri. Yule mzee akampiga bega akamwambia, "Vizuri. Sasa fikiri kwamba ni saa nane ya usiku, mvua inanyesha, na upepo umegeuka kwa mara ya tatu."

Hapo ndipo tulipofahamu neno lake la asubuhi, kwamba yupo asiyelala. Mwenye kinu hakuwa na saa za kazi. Maji yalipokuwa mengi na upepo upo, sharti afanye kazi, mchana au usiku. Tuliingia katika kinu kimoja cha mwaka 1738 ambacho sasa kimefanywa nyumba ya kuonyesha mambo ya kale. Ndani ni chumba kidogo cha mviringo, na ukutani kuna vitanda vilivyofichwa ndani ya makabati ili kuokoa nafasi. Humo watu waliishi na watoto wengi, na mashine ikiunguruma ukutani mwao. Walipata nyumba na ujira mdogo; chakula kingine walijitafutia kwa kuvua samaki na kulima bustani. Hata leo vinu vilivyo vingi pale vina watu wakaao ndani, na tuliona nguo zimeanikwa kando ya mlango.

Mzee akatuonyesha jambo jingine lililotupendeza. Mabawa yanaposimama yaweza kusema. Kinu kikisimamishwa bawa moja likiwa karibu kufika juu kabisa, lakini bado halijafika, hiyo ni ishara ya furaha: arusi, au mtoto amezaliwa. Bawa likisimamishwa baada ya kupita juu kidogo, linaelekea kushuka, hiyo ni ishara ya msiba. Hivyo majirani waliokuwa mbali walipata habari kabla ya mjumbe kufika. Desturi hii haijafa. Mwezi wa Julai 2014 ndege ya abiria iliangushwa katika nchi ya Ukraine, wakafa watu wote 298 waliokuwamo, na wengi wao walikuwa Waholanzi. Siku ya maombolezo, vinu katika nchi ile vilisimamishwa katika hali ya msiba.

Wakati wa chakula cha mchana tulikaa nyuma ya ukuta usiopata upepo, tukala mkate na jibini, na mwalimu wetu akauliza swali ambalo ndilo kiini cha hotuba hii. Akasema, "Mzee, vinu hivi vilikuwa mali ya nani? Ya mfalme?"

Akajibu, "La. Ni mali ya wale waliokuwa watalowa."

Akatueleza. Mwaka 1277 mtawala wa Holland wa zamani zile, Count Floris V, aliamuru watu wa wilaya ile waunde baraza la maji. Mabaraza ya namna hii ni ya kale sana katika Uholanzi, nayo yapo mpaka leo. Siku hizi ni 21 kwa nchi nzima, na wakazi huchagua wajumbe wake kwa kura na kulipa kodi ya maji, ambayo haichanganywi na kodi nyingine. Kazi ya baraza ni moja: matuta yasimame, mifereji iwe safi, maji yatoke.

Zamani kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha tuta akitunze. Wazee wa baraza walipita kukagua. Waliyemkuta kipande chake kina ufa, walimwamuru akitengeneze. Na asipotii, walikitengeneza kwa gharama yake na kumtoza faini juu yake. Na ikiwa mtu ameshindwa kabisa, sheria ilikuwa hivi: alikwenda kwenye tuta, akachomeka koleo lake katika udongo, akaondoka. Kwa tendo lile aliacha shamba, nyumba na vyote alivyokuwa navyo mahali pale. Yeyote aliyeling'oa lile koleo alipata shamba, na pamoja na shamba alipata ule mzigo wa tuta.

Tulipoisikia sheria hii tulinyamaza. Mmoja wetu akasema ni sheria ngumu. Yule mzee akasema, "Ndiyo, ni ngumu. Lakini maji ni magumu zaidi. Maji hayaulizi kama ufa ni wa tajiri au wa maskini, wala kama mwenye kipande alikuwa na udhuru. Yakiingia kwa kipande cha mmoja, yamewaingilia wote."

Akatupa mifano miwili. Wa kwanza ni wa usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Novemba 1421, dhoruba ilipopasua matuta na maji yakafunika nchi kubwa karibu na pale. Husimuliwa kwamba maji yalipotulia, watu walisimama juu ya tuta wakaona susu ya mtoto ikielea, na juu yake paka akirukaruka upande huu na upande huu ili isipinduke. Susu ikaja mpaka tutani, na ndani wakamkuta mtoto mkavu amelala. Jina la Kinderdijk maana yake ni tuta la watoto. Mzee alituambia wazi kwamba hii ni hadithi, lakini gharika yenyewe si hadithi.

Mfano wa pili si hadithi hata kidogo. Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953, upepo wa Bahari ya Kaskazini ulisukuma maji yakavunja matuta mahali pengi, na katika Uholanzi watu 1,836 walikufa. Usiku ule ule, mahali paitwapo Nieuwerkerk aan den IJssel, tuta lililokinga nchi ya mamilioni ya watu lilianza kubomoka. Mwenye chombo cha mizigo, jina lake Arie Evegroen, aliombwa na mkuu wa mji. Akakiongoza chombo chake mwenyewe mpaka palipobomoka, akakiingiza katika pengo kama mtu afungaye mlango, na pengo likazibika. Kile chombo kilikuwa ndicho riziki yake. Sisi huku twasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule, asiyeziba ufa huenda asipate siku ya kujenga ukuta.

Ndugu zetu, msidhani kwamba vinu vile vimesimama mpaka leo kwa sababu vilikuwa na nguvu. Hapo zamani, katikati ya karne ya 19, Uholanzi ilikuwa na vinu zaidi ya 9,000. Kisha ikaja mashine ya mvuke. Pale Kinderdijk ilijengwa mwaka 1868. Baadaye zikaja mashine za mafuta na za umeme. Leo maji ya wilaya ile huinuliwa na parafujo kubwa za chuma zizungushwazo kwa mashine, nazo tulizitazama zikimimina maji mengi sana. Mashine zilipokuja, watu walianza kuvibomoa vinu, wakauza mbao na matofali yake. Waliovihurumia waliunda chama mwaka 1923, kiitwacho De Hollandsche Molen, ili kuvitetea. Hata hivyo vilivyobaki leo ni kidogo zaidi ya 1,000.

Tena sikilizeni hili. Wakati wa vita vikuu, kati ya mwaka 1940 na 1945, mafuta yalikosekana na mashine zikanyamaza. Maji hayakungoja vita viishe. Ndipo vinu vya Kinderdijk, ambavyo wengine walikuwa wameanza kuviona kama vizee visivyo na kazi, vilipofungwa matanga tena, vikainua maji, na mashamba yakaokoka. Upepo haukuhitaji mafuta.

Lakini kinu bila mtu ni mti mkavu. Wenye kinu wa zamani walikuwa wakizeeka na kufa, na ujuzi wao ukifa pamoja nao. Basi mwaka 1972 kikaundwa chama cha wenye kinu wa kujitolea. Mtu atakaye kujiunga hufundishwa kwa mwaka mmoja au zaidi: kuusoma upepo na mawingu, kutandika tanga, kushika breki, kutia mafuta na kujua sauti ya mbao inayotaka kupasuka, kisha hufanya mtihani. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika ujuzi huu nao katika orodha ya urithi wa watu wote. Tulipouliza wanaojitolea ni watu wa namna gani, mzee akasema, "Ni daktari, fundi wa magari, mama wa nyumbani, karani wa benki. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa shule." Akatuonyesha viganja vyake. Vilikuwa na sugu kama za mkulima.

Wazee wetu, twakiri kwamba tulipoviona viganja vile tuliona haya, na sasa twawaambieni sababu.

Katika kijiji chetu kuna mfereji uliochimbwa na babu zetu ili kuleta maji toka mtoni mpaka mashambani. Nchi yetu haikosi kazi za namna hiyo. Ndugu zetu Wamarakwet wana mifereji iliyokaa kwa mamia ya miaka, kwa sababu kila ukoo hujua sehemu yake na huitunza. Nasi tulikuwa hivyo. Lakini miaka michache iliyopita banio la mfereji wetu lilitoa ufa. Wazee wakaita watu kwa kazi ya siku moja. Walifika wachache, wengi wao wanawake na vikongwe. Sisi tulifika, tumevaa viatu vilivyopigwa rangi, tukakaa juu ya jiwe penye kivuli, tukafungua daftari. Kwani sisi ni makarani, tukadhani kwamba kazi yetu ni kuandika. Tuliandika ukurasa mzima wa majina ya wasiofika. Kazi haikwisha siku ile, na siku ya pili hakuitwa mtu. Mvua za masika zilipokuja zikalichukua lile banio lote. Mahindi ya mwaka ule yalikauka kabla ya kubeba, na mpaka sasa mama zetu hushuka mtoni na ndoo vichwani.

Lile daftari lipo. Juma lililopita tulilifungua tukasoma majina. Yote yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Jina moja tu halimo, nalo ndilo letu. Ingawa mikono yetu haikushika jembe siku ile, kama ile ya wale wasiofika.

Hatusemi kwamba tujenge vinu vya upepo. Nchi yetu si kama ile, na shida yetu ni kuleta maji, siyo kuyatoa. Wala hatusemi kwamba Waholanzi ni watu bora kuliko sisi. Wao nao walibomoa vinu vyao kwa maelfu kabla ya kuzinduka. Twasema hili moja tu: tuta, au mfereji, au barabara, au paa la shule, halisimami kwa sababu lilijengwa vizuri na waliokufa. Husimama kwa sababu wapo walio hai wanaolitengeneza kila mwaka, na kila anayekaa chini yake anajua kipande chake. Tena elimu haimwondolei mtu kipande chake. Yule mwalimu mzee alikuwa na vitabu nyumbani kwake, lakini upepo ulipogeuka alikanyaga gurudumu.

Jioni ile boti ilipoondoka tulisimama nyuma kutazama. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vinu, na mzee wetu alikuwa amekwisha panda juu ya bawa moja kama baharia juu ya mlingoti, anakunja tanga, maana upepo ulikuwa unazidi. Hakutuona tena wala hakutupungia mkono. Alikuwa kazini.

Nasi sasa twamaliza. Tumekwisha kuwaomba wazee wa kijiji chetu waweke siku mpya ya kujenga banio, nao wamekubali: ni Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno. Safari hii daftari litashikwa na mtoto wa shule, ajifunze kuandika. Sisi tutakuwa ndani ya maji pamoja na majembe, nanyi walimu na makarani wa vijiji vya jirani mtakaopita njia ile, mkituona tumechafuka matope msitucheke, bali vueni viatu mshuke.